Mpunga Uliokuta Jua Lile Lile

Mgeni akipita kwenye shamba la muhogo nje ya mji wa Kasongo saa saba mchana, baada ya wiki mbili bila mvua, atadhani shamba limeingiwa na ugonjwa. Majani yote yamening'inia, vidole vyake vimeelekea chini kama mkono wa mtu aliyechoka. Mwenye shamba wala hana wasiwasi. Amekaa kivulini anasubiri jua lipungue. Saa kumi na nusu majani yale yale yatakuwa yamekunjuka na kugeukia magharibi, na kesho yake asubuhi yatakuwa yameligeukia jua la mashariki, kila jani limelikabili bapa. Hakuna aliyeyamwagilia maji.

Huo si ugonjwa bali ni ubahili. Chini ya kila jani kuna maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata. Humo jani huingiza hewa ya kaboni ya kupikia chakula chake, na humo humo maji hutoroka. Hakuna namna ya kufungua mlango kwa ajili ya hewa na kuufunga kwa ajili ya maji. Watafiti wa CIAT, kituo cha kilimo cha nchi za joto kilichoko Colombia, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba muhogo una wepesi wa ajabu wa kufunga vitundu hivyo: hewa ikikauka tu, hata kama udongo bado una unyevu, hufunga. Asubuhi na alasiri, jua likiwa la upole, majani hulifuata ili yavune mwanga. Mchana yanajilaza ili miale ipite ubavuni. Kiangazi kikizidi, mti hupukutisha majani ya chini na kubaki na machache ya kileleni, huku wanga ukiwa umehifadhiwa mizizini. Ndiyo sababu mama anayetafuta sombe, yaani majani ya muhogo, mwezi wa Agosti hutembea hatua nyingi zaidi kujaza kikapu kile kile.

Mbuzi akichomwa na jua huhamia kivulini. Muhogo hauna pa kwenda, na kwa kuwa hauna pa kwenda unajigeuza wenyewe.

Maniema ya kusini, sehemu ya Kongo ulipo mji wa Kasongo, ni mahali pazuri pa kutazama mambo haya, maana mazingira yake hubadilika upesi. Kaskazini ya Kasongo msitu mkubwa wa Kongo unazidi kushikana; kusini, kuelekea Kongolo, nyasi zinatawala na miti inabaki kwenye mabonde ya vijito. Magharibi kuna mto Lualaba. Mashariki, barabara ya Kabambare inaelekea kwenye vilima vinavyopakana na nchi ya Fizi, na mto Luama unashuka kutoka nyanda za juu za magharibi ya Ziwa Tanganyika kuja kuungana na Lualaba. Mvua hunyesha miezi mingi, kisha Juni hadi Agosti anga hukauka. Anayesukuma baiskeli yenye gunia la mpunga kutoka Kabambare hadi Kasongo hupita, katika safari moja, kwenye kivuli kizito, kwenye nyasi zilizochomwa moto na kwenye bonde linalotota. Mbegu haipati safari ya namna hiyo. Ilipoangukia ndipo itakapoishi, kwa hiyo haina budi kupatambua.

Kitu cha kwanza inachopima ni mwanga. Wanaotengeneza lotoko, pombe kali ya kienyeji, kwa mahindi huyajua matokeo yake bila kufundishwa na mtu. Mahindi hulowekwa, hutandazwa na kufunikwa mpaka yaote, na kinachochomoza chini ya kifuniko si kijani: ni vichipukizi vyeupe vyenye rangi ya njano kwa mbali, virefu, dhaifu, vikikatika kwa kuguswa. Mche ulio gizani hauoni faida ya kutengeneza rangi ya kijani, kwani rangi hiyo bila mwanga ni kama wavu bila mto. Akiba yote ya punje hutumiwa kwa jambo moja, kurefuka, kwa matumaini kwamba juu huko kuna mwanga. Mche wa namna hiyo ukitolewa nje hubadilika ndani ya siku moja au mbili: kasi ya kurefuka hupungua, majani hufunguka na ukijani huingia.

Na mwanga ukitoka upande mmoja? Hapo hadithi inahamia Uingereza, nyumbani kwa Charles Darwin, ambaye mwaka 1880 yeye na mwanawe Francis walitoa kitabu kizima juu ya mwendo wa mimea. Walichukua miche michanga ya nyasi, wakaivika baadhi yake vikofia vidogo kwenye ncha, na mingine wakaifunika sehemu ya chini tu. Kisha wakawasha taa upande mmoja. Iliyovikwa kofia ilisimama wima kama haina habari. Iliyofunikwa chini ilipinda kuelekea mwangani. Maana yake ni kwamba ncha ndiyo inayoona, na sehemu iliyo chini yake ndiyo inayopinda; basi lazima kuna mjumbe anayeshuka kutoka juu. Mjumbe huyo alinaswa na kijana wa Kiholanzi, Frits Went, huko Utrecht mwaka 1926. Alikata ncha za miche ya oti, akaziweka juu ya vipande vya jeli ngumu ili kile kilichomo kidondokee humo, kisha akaweka vipande hivyo upande mmoja wa miche iliyokatwa vichwa. Ikapinda, gizani, bila taa yoyote. Kitu hicho kiliitwa auksini, kutokana na neno la Kigiriki la kukua.

Auksini hukimbilia upande wa kivuli. Seli za upande huo hurefuka kuliko za upande wa mwangani, na shina, likiwa refu upande mmoja na fupi upande mwingine, halina njia ila kupinda. Watu husema mmea unavutwa na jua. Kwa kweli unasukumwa kutoka mgongoni, na unaousukuma ni upande wake wenyewe uliokosa jua.

Mpunga wa Kasongo kwa sehemu kubwa ni wa nchi kavu, unaotegemea mvua, na kila mkulima anajua kwamba ukipandwa kwa kusongamana utakimbilia juu, mabua yatakuwa membamba, na siku ya mvua ya upepo utalala. Wengi husema mimea inanyang'anyana rutuba. Inanyang'anyana kweli. Lakini mpunga huanza kukimbia kabla rutuba haijaisha na hata kabla jirani hajautia kivuli.

Siri yake ilifunuliwa kwa mbegu za saladi. Mwaka 1952 watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, waliona kwamba mwanga mwekundu huziamsha mbegu hizo ziote, na kwamba wekundu uliokolea zaidi, ule ulio kwenye mpaka wa uwezo wa jicho la mtu, huzilaza tena. Wakaziamsha na kuzilaza mara nyingi, kwa zamu. Kilichoamua ni mwanga uliomulika mwisho. Ndani ya mbegu, na ndani ya kila jani, mna kitu kinachobadilika umbo kati ya mianga hiyo miwili kama swichi ya ukutani. Baadaye kilipewa jina la fitokromu. Sasa jani la kijani lina tabia moja: hula wekundu wa kawaida na kuukataa ule uliokolea, likauacha upite au urudi ulikotoka. Basi mche wa mpunga unaopokea wekundu mwingi uliokolea kutoka ubavuni unajua kwamba pale pembeni pamesimama kitu cha kijani, na kitu cha kijani ni mpinzani. Unaanza kurefuka siku hiyo hiyo, na ukirefuka unaipunguzia mizizi na vichipukizi sehemu yao. Mkulima anayeacha nafasi kati ya shimo na shimo anazuia ugomvi huo usianze.

Msituni swichi hiyo hiyo huamua nani azaliwe. Watu wakifyeka na kuchoma kipande cha msitu, wakalima msimu mmoja au miwili na kukiacha, pale panajaa mti wa mwavuli, ambao wenye kusema Kifaransa huuita parasolier na wataalamu huuita Musanga. Hakuna aliyeupanda. Mbegu zake ndogo zilikuwa udongoni, zimelala chini ya miti mikubwa iliyokula wekundu wote. Dari linapotoboka, jua lenye rangi zake zote hufika chini, nazo huamka. Mti huo hukua kwa pupa, mbao zake ni nyepesi, majani yake yametawanyika kama vidole vya mkono wazi, na baada ya miaka kama 20 huanza kufa. Wala hauachi warithi: kivuli chake mwenyewe ndicho kinachozuia mbegu zake zisiamke. Anayesafiri kati ya Kasongo na Kabambare na kuona kundi la miavuli kama hiyo anaweza kusema bila kuuliza kwamba hapo palikuwa na shamba.

Msafiri David Livingstone aliujua msitu wa Maniema kwa kulazimishwa. Vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Katika maandishi yake alieleza kwamba ndani ya misitu hii jua, hata likiwa la utosini, haliingii ila kwa vijimwale vyembamba vya adhuhuri. Alikuwa mgonjwa na mwenye huzuni, na huenda aliona giza zaidi ya lililokuwapo, lakini vile vijimwale havikuwa vitu vya kupuuzwa. Mche ulioko sakafuni mwa msitu huishi kwa hivyo. Doa la jua linalotua juu ya jani kwa dakika chache, likahama, linaweza kuupa sehemu kubwa ya chakula cha siku nzima, na majani ya miche ya namna hiyo ni mapana na membamba, yaliyojitandaza yasipoteze hata doa moja.

Mitambaa ya msituni ina hila ya kupendeza zaidi. Mmea unaohitaji mti wa kupandia ungefanya nini ukiwa mchanga? Kufuata mwanga kungeupeleka uwazini, mahali pasipo na mti. Mwaka 1975 Donald Strong na Thomas Ray, waliokuwa wakichunguza mtambaa wa Monstera nchini Costa Rica, walieleza kwamba mche wake hutambaa chini kuelekea mahali palipo giza zaidi, na giza zito kabisa la karibu ni shina la mti mnene. Ukilifikia, hugeuza tabia na kuanza kupanda kuelekea mwangani.

Jambo la pili ambalo mmea hupima ni juu na chini. Hapa wakulima wa muhogo wana elimu ya vidole. Pingili ya muhogo huwekwa ardhini macho yakitazama juu, jinsi yalivyokuwa kwenye mti. Ikipinduliwa haifi, macho yataota, shina litapinda na kutafuta juu, lakini itachelewa na kudhoofika, kwa sababu ile auksini iliyozoea kuteremka ndani ya shina inaendelea kwenda upande ule ule iliokuwa ikienda, hata kama upande huo sasa umeangalia mbinguni. Kipande cha mti kinakumbuka miguu yake ilikuwa wapi. Wanaotaka kuepuka tatizo hulaza pingili kabisa, na vichipukizi hutoka vingi.

Mizizi nayo hutambua chini kwa njia ambayo fundi seremala angeielewa mara moja. Kwenye ncha ya mzizi mna seli zilizobeba chembe nzito za wanga. Mzizi ukilala, chembe hizo huporomoka upande mmoja, kama kiputo cha hewa kinavyohama ndani ya pimamaji, ila hapa kizito ndicho kinachohama. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1900 na watu wawili, kila mmoja kivyake, Gottlieb Haberlandt na Bohumil Němec. Kabla yao, mwaka 1806, Mwingereza Thomas Andrew Knight alikuwa amefunga mbegu kwenye gurudumu linalozungushwa na maji, na mizizi ikaota kuelekea nje ya gurudumu, mashina kuelekea katikati. Mbegu ilidanganyika: nguvu ya mzunguko iliifanya iamini kwamba chini ni huko nje.

Mahindi yakiangushwa na upepo wa usiku, mwenye shamba aliye mvumilivu hayang'oi. Kama hayajatoa mbelewele, baada ya siku chache yatakuwa yameinuka, lakini hayatakuwa yamenyooka: shina litakuwa na goti, au magoti mawili, kwenye vifundo. Upande wa chini wa kifundo umerefuka na kulisukuma shina juu. Goti hilo halitoki tena, na mwezi wa kuvuna mtu anaweza kuhesabu magoti na kujua dhoruba ilipiga zao likiwa na urefu gani.

Mguso ndio unaowafurahisha watoto. Kifauongo, mmea mdogo wenye miiba na maua ya waridi, asili yake Amerika, siku hizi umeenea kando ya njia katika nchi nyingi za joto. Ukiguswa hukunja majani papo hapo na kulegea kama uliokufa. Jina lake la Kiswahili linaeleza habari yote. Hauna misuli. Kwenye maungio ya kila jani mna kifuko cha seli zilizojaa maji, na mguso husababisha chembe za potasiamu kutoka ndani ya seli za upande mmoja, maji yakizifuata. Upande ule hulegea, jani hukunjika. Baada ya dakika kumi hivi au zaidi maji hurudi. Mchezo huo una gharama, kwani jani lililokunjika halipiki chakula, ndiyo maana ukiguswaguswa mara nyingi bila kudhurika huacha kujibu.

Mimea mingine hujibu mguso polepole kiasi kwamba hakuna anayegundua. Mti unaotikiswa na upepo kila siku hubaki mfupi na mnene. Maharage hupapasa hewani kwa kuzungukazunguka mpaka yaguse kijiti, ndipo yajisokote. Viazi vikuu vina msimamo wa kikabila kabisa: aina moja hujisokota kwenye mti kwa mkono mmoja, aina nyingine kwa mkono mwingine, na hakuna mti wa kupandia utakaozifanya zibadili.

Kuhusu maji ya mto, itoshe kusema kwamba mpunga wa mabondeni una majibu mawili yanayopingana. Aina fulani za Asia zikifunikwa na mafuriko hurefuka kwa kasi mpaka majani yatokeze juu ya maji. Nyingine hunyamaza kabisa, hazikui hata kidogo, zikatunza akiba mpaka maji yapungue. Jeni za majibu hayo zilitambuliwa mwaka 2009 na mwaka 2006. Anayelima kando ya Lualaba angependa kuchagua jibu kulingana na maji: la kwanza kwa mafuriko yanayokaa, la pili kwa yanayopita.

Lakini kipimo cha ajabu kuliko vyote ni urefu wa siku, na hapo Kasongo ina kisa chake.

Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha habari ya tumbaku moja iliyokataa kutoa maua. Ilikuwa aina iitwayo Maryland Mammoth, ikirefuka majira yote ya joto bila ua. Walijaribu hili na lile, mwishowe wakawa wanaiingiza kwenye kibanda cha giza alasiri, ili siku yake ionekane fupi. Ikachanua. Mimea, basi, ilikuwa inasoma saa. Uchunguzi wa mwaka 1938 wa Karl Hamner na James Bonner ulionyesha kwamba kinachopimwa hasa ni usiku: mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku mrefu unatosha kuharibu hesabu yote.

Mpunga ni mmea wa siku fupi. Aina zake nyingi za kienyeji hungoja usiku urefuke ndipo zichanue, na zile kali zaidi huhisi tofauti ya robo saa. Mwaka 2007 watafiti wa Nara, Japani, walithibitisha kwamba ujumbe wa kuchanua hutengenezwa kwenye jani, ukiwa protini inayosafiri ndani ya bua mpaka kwenye kilele, na huko ndiko hugeuza chipukizi la jani kuwa suke. Kwa zao la nafaka hakuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Likichanua mapema mno bua halijanenepa. Likichelewa, kiangazi kinaikuta punje ikiwa na maziwa.

Mpunga haukuwa zao la Maniema tangu kale. Uliletwa katika karne ya 19 na watu wa pwani, Waarabu na Waungwana, waliovuka Ziwa Tanganyika wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mmoja wao, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870. Sidney Hinde, daktari wa jeshi la Wabelgiji walioiteka Kasongo Aprili 1893, aliandika kwamba aliwahi kupita kwa mnyama wa kupanda katikati ya shamba moja tu la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Inafaa kukumbuka nani aliyelima shamba la ukubwa huo: wengi wao hawakuwa na hiari. Ila mpunga wenyewe ulikubali, na ukakubali upesi, kiasi kwamba leo sahani ya wali ni kitu cha kawaida Kasongo kuliko katika sehemu nyingi za Kongo.

Kwa nini ukubali? Jibu moja ni kuangalia ramani. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini ya ikweta. Tabora iko nyuzi 5. Ujiji hazifiki 5. Kabambare ni nyuzi 4 na zaidi ya nusu, Kasongo 4 na nusu. Njia ya misafara, kwa mamia ya kilomita, ilikwenda karibu sambamba na mstari wa ikweta. Kule Zanzibar siku ndefu ya Desemba huishinda siku fupi ya Juni kwa dakika 40 na kidogo. Kasongo kwa nusu saa hivi. Mbegu iliyotoka pwani ikiwa ndani ya kikapu cha mpagazi ilitembea miezi, ikavuka ziwa na milima, ikafika kwenye udongo mwingine na mvua nyingine, lakini ilipochomoza ilikuta jua lile lile likitua karibu saa ile ile. Saa yake haikuhitaji kurekebishwa sana. Muhindi na muhogo, vilivyotoka sehemu za joto za Amerika, navyo vilikuta Afrika siku zinazofanana na za kwao.

Safari ya kutoka kusini kwenda kaskazini ni habari nyingine. Viazi vya Andes vilipofika Ulaya, ambako siku ya kiangazi cha huko hupita saa 16, vilitoa majani kwa miezi na kutia viazi ardhini baridi ikikaribia. Ilichukua vizazi vingi vya kuchagua mbegu mpaka vikubali siku ndefu. Ukija upande wa pili tatizo ni lile lile likiwa limegeuzwa. Brussels, mwezi wa Juni, ina siku ya zaidi ya saa 16. Kasongo haipati siku ya namna hiyo kamwe. Kitunguu cha Ulaya ya kaskazini hungoja siku ndefu ndipo kijaze tumba. Kikipandwa Maniema kitangoja mpaka kichoke. Mkulima wa bustani aliyenunua kopo la mbegu nzuri, yenye picha ya vitunguu vikubwa, akatia mbolea na kumwagilia kila jioni, anaweza kuvuna majani tu, kisha akamlaumu muuza mbegu kwa kumpa mbegu mbovu au akalaumu udongo. Mbegu ilikuwa nzima na udongo haukuwa na kosa. Ndiyo maana bustani za Afrika ya ikweta hupanda aina kama Red Creole na Bombay Red, zinazoridhika na siku ya saa 12.

Upungufu wa tofauti za majira una upande wake wa pili, nao unaonekana vizuri zaidi kwenye miembe. Mwembe nao uliletwa na watu wa njia ile. Kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji miembe ni alama ya misafara, na ng'ambo ya ziwa ilipandwa walikofanya maskani. Katika nchi zenye msimu wa baridi mwembe huchanua baada ya baridi hiyo, mti mzima kwa mara moja, shamba zima kwa wiki chache. Karibu na ikweta baridi ya kutosha haiji. Kinachobaki cha kuuambia mwembe wakati ni ukavu wa kiangazi na umri wa majani yake yenyewe: tawi ambalo majani yake yamekomaa kwa miezi kadhaa bila kuchipua tena ndilo huwa tayari kwa maua. Na kwa kuwa matawi hayachipui siku moja, hayawi tayari siku moja. Mtu akisimama chini ya mwembe mkubwa Kasongo mvua za kwanza zinapoanza, anaweza kuona upande mmoja umejaa vishada vya maua na nyuki, upande wa pili una maembe mabichi yaliyokwisha kufikia ukubwa wa yai, na juu kabisa, kwenye tawi lililojichipulia kwa wakati wake, majani machanga yenye rangi ya shaba bado yananing'inia.